Utusamehe Deni Zetu: Maneno ya Injili Kabla Hayajaingia Kanisani

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita kwenye semina ya wazee wa kanisa na walimu wa Shule ya Jumapili. Mvua iliwazuia wengi, na kati ya waliofika nusu walikaa nje chini ya turubai. Nimeiandika kama nilivyoisema, ila picha za ukutani nimeziacha; hata siku yenyewe hazikuonekana vizuri.

Bwana asifiwe! Huku mbele mmeitikia, huko nje sikuwasikia. Bwana asifiwe! Haya, sasa tupo.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Na majirani zetu Waislamu mliokubali mwaliko, karibuni sana. Hata neno "Injili" tumelipata kwa kupitia Kiarabu, kwa hiyo leo ninyi si wageni.

Nimepewa saa moja niseme habari za dunia ya Kanisa la kwanza: siasa yake, uchumi wake, watu wake. Mimi nikishika kipaza sauti mnanijua. Kwa hiyo nitashika jambo moja tu. Maneno tunayoyatamka kanisani tukiwa tumefumba macho yalikuwa ya bomani, ya sokoni na ya barazani kabla hayajawa ya madhabahuni. Walioyasikia mara ya kwanza hawakufumba macho. Walitazamana.

Fungueni Luka sura ya tatu, mstari wa kwanza. Luka anataka kutupa habari za Yohana Mbatizaji. Anaanzia wapi? Anaanzia serikalini. Kaisari Tiberio, mwaka wa 15 wa kutawala kwake. Pontio Pilato, liwali wa Uyahudi. Herode, Galilaya. Filipo ndugu yake. Lisania. Kisha makuhani wakuu, Anasi na Kayafa. Hesabuni: wakubwa saba. Ndipo neno la Mungu linapomfikia mtu mmoja asiye na cheo, na linamkuta nyikani.

Sasa litazameni hilo neno "liwali". Waliotafsiri Biblia yetu walipomtafutia Pilato cheo hawakwenda mbali. Pwani hii ilikuwa na maliwali wa Sultani wa Zanzibar, na Wajerumani walipokuja wakaendelea kutumia maliwali na maakida. Ndiyo maana yule askari wa Kapernaumu aliyemwombea mtumishi wake anaitwa akida. Sisi leo tukisoma "akida" tunadhani ni cheo cha Biblia, kama "Farisayo". Babu zetu hawakudhani hivyo. Akida walimjua: alikuja kudai kodi na askari nyuma yake, na Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa. Na mfalme wa Wajerumani aliitwaje? Kaiser. Ni Kaisari huyo huyo, jina limevaa kofia nyingine.

Basi kuna kizazi cha Waswahili waliosikia Injili kwa masikio yaliyokaribiana sana na ya watu wa Galilaya. Naomba tuazime masikio yao kwa saa hii moja.

Tuanze na neno Injili lenyewe. Kwa Kigiriki lina maana ya habari njema, lakini habari njema ya namna gani? Ya aina ya mbiu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, sivyo? Mwaka 9 KK, miji ya mkoa wa Asia, nchi ambayo leo ni Uturuki, iliamua mwaka mpya uanze tarehe 23 Septemba, siku ya kuzaliwa Kaisari Augusto. Tangazo lao lilichongwa kwenye jiwe, na jiwe limepatikana katika mji wa Priene. Linamwita Augusto mwokozi aliyekomesha vita. Linasema kuzaliwa kwake mungu huyo ndiko kulikoanzisha habari njema kwa ulimwengu. Neno lililochongwa pale na neno Injili la mstari wa kwanza wa Marko ni ndugu wa tumbo moja.

Mwokozi. Habari njema. Amani. Kuzaliwa. Mnasikia kitu? Halafu aje mtu aseme mwokozi amezaliwa, habari njema ni hii, naye amelazwa horini. Wewe uliyeishi chini ya Kaisari ungeguna kidogo, kisha ungeangalia nani mwingine amesikia.

Njooni sasa kwenye kodi, maana kodi ndiyo iliyoleta damu.

Herode Mkuu alipokufa mwaka 4 KK, Galilaya ililipuka. Liwali wa Shamu, Varus, akashuka na majeshi. Sepphoris, mji ulio kama kilomita 6 tu kutoka Nazareti, ukachomwa moto. Kisha huko Uyahudi Varus akawasulubisha watu wapatao 2,000. Namba hiyo ni ya Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ile ile. Sasa, mtoto aliyekulia Nazareti miaka hiyo angehitaji kufafanuliwa msalaba ni nini? Sisi tunauvaa shingoni, wa dhahabu. Wao walikuwa na wajomba.

Miaka kumi hivi baadaye, mwaka 6 BK, Roma ikautwaa Uyahudi moja kwa moja, na liwali Kirenio akahesabu watu na mali ili walipishwe kodi. Akasimama mtu aitwaye Yuda Mgalilaya, mnamkuta Matendo sura ya tano, akawaambia watu: kulipa kodi hii ni kukubali utumwa, nasi Bwana wetu ni Mungu peke yake. Aliangamia, wafuasi wake wakatawanyika. Lakini swali lake halikutawanyika.

Kwa hiyo wanapomjia Yesu hekaluni na kumwuliza, je, ni halali kumpa Kaisari kodi, hawaulizi somo la uraia. Ni mtego wa kifo. Akisema lipeni, wanyonge watamwacha. Akisema msilipe, ni Yuda wa pili, na msalaba uko tayari. Naye anafanya nini? Anaomba sarafu. Hana yake! Wao ndio wanaotoa dinari, mle mle hekaluni. Sarafu ndogo ya fedha, kama ukucha wa kidole gumba, ina kichwa cha Tiberio, na pembeni maandishi yanayomtaja kuwa mwana wa Augusto aliye mungu.

"Mlipeni Kaisari yaliyo ya Kaisari, na Mungu yaliyo ya Mungu."

Nimeusikia mstari huu kwenye harambee, nimeusikia kwenye mikutano ya kuhamasisha kodi, na kila mara unasomwa kama vile Yesu amegawa dunia vipande viwili sawa, hiki cha serikali, hiki cha kanisa. Mimi sioni hivyo. Myahudi gani aliyekariri Zaburi ya 24, nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, angeweka dunia kwenye mizani na Kaisari akapata nusu? Lakini pia hakusema msilipe. Alirudisha sarafu kwa mwenyewe na kuwaachia swali mkononi. Hata hivyo, alipofikishwa kwa Pilato, shtaka lilisomwaje? Luka 23: anawazuia watu wasimpe Kaisari kodi. Jibu lile halikuwaridhisha wakubwa. Wale wanaosema Yesu hakugusa siasa hata kidogo wanisaidie kuueleza mstari huo. Na wale wanaosema alikuwa mwanaharakati wa kisiasa tu wanisaidie kueleza kwa nini alikula na watoza ushuru.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nikubali kuzungumza leo. Neno lenyewe ni deni.

Sala ya Bwana tunaijua wote. Wengine husema "utusamehe makosa yetu". Lakini fungueni Mathayo 6:12 kwenye Biblia ya Kiswahili ya zamani. Inasemaje? "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Deni! Luka anasema dhambi, lakini hata yeye akimaliza mstari anarudi kule kule: kila tumwiaye. Kuwia ni kudai, vijana, Kiswahili hicho msikiache kife. Katika Kiaramu, lugha aliyosema Yesu, neno moja lilibeba deni na dhambi pamoja. Sisi tuna bahati ya namna hiyo kwenye kusamehe: mtu anasamehewa kosa, mtu anasamehewa deni, na serikali inatoa msamaha wa kodi. Kinywa chetu hakikutenganisha. Masikio ndiyo yaliyotenganisha.

Kwa nini deni? Kwa sababu kukopa harusi, kulipa matanga. Mkulima wa Galilaya alikuwa na shamba dogo. Mvua ikikosa mwaka mmoja, anakopa mbegu. Kodi inadaiwa vile vile, iwe kavu iwe masika. Mwaka wa pili anaweka rehani shamba. Wa tatu shamba limekwenda, naye amekuwa kibarua asimamaye sokoni saa kumi na moja jioni akingoja mtu wa kumwajiri kwa dinari. Mnakumbuka mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu? Hao wa jioni ndio hao.

Torati ilikuwa na dawa. Kumbukumbu la Torati 15: kila mwaka wa saba, madeni yafutwe. Lakini mwenye fedha akiona mwaka wa saba unakaribia hakopeshi. Basi mzee Hillel, mwalimu mkubwa wa wakati wa Herode, akaweka utaratibu uitwao prosbuli: mkopeshaji anaandikisha deni lake barazani, na mwaka wa saba haulifuti tena. Hillel hakuwa mtu mbaya. Alitaka maskini wapate mkopo. Lakini ona kilichobaki: mlango wa kukopa umefunguka, mlango wa kutoka umefungwa.

Mnaijua mikopo ya kausha damu. Msinicheke, naona mnavyotazamana. Mtaani kwetu kuna mama mshonaji, simtaji. Nilikuwapo walipokuja kuchukua cherehani yake. Kwenye sindano kulikuwa kumebanwa gauni la ubatizo la mtoto wa jirani, jeupe, mkono mmoja umeshashonwa. Kijana aliyetumwa, mpole tu, amevaa fulana yenye nembo, akaomba mkasi. Akakata uzi, akalikunja lile gauni vizuri, akampa mama mkononi. Halafu akabeba cherehani. Jumapili yake tulisimama wote, mama yule amekaa safu ya tatu, tukasema kwa sauti moja utusamehe makosa yetu. Mimi siku ile nilinyamaza kwenye mstari huo. Sauti haikutoka.

Sasa sikilizeni mfano wa Mathayo 18 kwa masikio hayo. Mfalme anafanya hesabu na watumwa wake. Mmoja anadaiwa talanta 10,000. Ni kiasi gani? Talanta moja ilikuwa dinari 6,000, na dinari ni ujira wa kutwa. Josephus anatuambia Herode Antipa, yule Herode wa Galilaya, mwana wa Herode Mkuu, alikusanya kutoka Galilaya na Perea, ng'ambo ya Yordani, talanta 200 kwa mwaka. Pigeni hesabu: mtu mmoja anadaiwa mapato ya Antipa ya miaka 50! Huyu si mtumwa wa jembe. Huyu ni mkusanya mapato, mkubwa wa hazina. Wasikilizaji wa Galilaya walicheka hapo, naamini walicheka, kwa sababu namba ni ya kuchekesha na kwa sababu walijua fedha ile ilitoka mifukoni mwao.

Mfalme anafuta yote. Huyu bwana anatoka nje, anakutana na mwenzake ambaye yeye anamdai dinari 100, ujira wa miezi mitatu na kitu. Anamkaba koo.

Mnaona Yesu anavyofanya? Hahubiri kwamba madeni ni mabaya. Anatuonyesha mtu aliyesamehewa juu akakataa kusamehe chini. Na kila mtu pale uwanjani alikuwa na dinari 100 zake: ama anadai, ama anadaiwa.

Kama mnafikiri natia chumvi kuhusu madeni, nendeni mwaka 66 BK, vita vya Wayahudi na Roma vinapoanza. Waasi wameingia Yerusalemu ya juu. Wanachoma nyumba ya Anania kuhani mkuu, yule aliyeamuru Paulo apigwe kofi. Wanachoma jumba la Agripa na Bernike, wale waliomsikiliza Paulo kwa fahari kubwa. Halafu wanakimbilia wapi? Kwenye nyumba ya kumbukumbu, wachome hati za madeni. Josephus anasema walifanya hivyo ili kuwavuta wadaiwa upande wao. Miaka minne baadaye hekalu lenyewe likawa majivu. Lakini moto wa mapema kabisa wa vita ile ulikula madaftari.

Nipite haraka kwenye maili moja, ingawa ni hadithi ninayoipenda. "Na mtu atakayekulazimisha mwendo wa maili moja, nenda naye mbili." Kulazimisha huku kulikuwa na jina lake serikalini. Askari au mjumbe wa Roma aliweza kukamata mnyama wako, gari lako, au wewe mwenyewe. Neno hilo hilo ndilo Marko analitumia pale Simoni Mkirene, mtu aliyekuwa anatoka shamba, anapokamatwa aubebe msalaba. Kuna jiwe lililopatikana Sagalassos, Uturuki ya leo, la mwanzoni mwa utawala wa Tiberio, lenye amri ya liwali kwa Kilatini na Kigiriki: akida apewe gari moja, au nyumbu watatu, au punda sita, na alipe. Liwali analalamika kwamba makaisari walishakataza kuchukua vya watu bure. Ukiona tangazo "marufuku kukojoa hapa", umejua kinachofanyika hapo.

Je, sisi tuna haja ya kwenda Uturuki? Kariakoo ni nini? Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, kambi yao ilikuwa pale. Leo tunakwenda kununua vitenge. Bibi yangu alinisimulia babu alivyochukuliwa na askari akiwa shambani, jembe likabaki limesimama kwenye tuta. Askari wa upande gani, bibi hakujua. "Walikuwa na bunduki," alisema, "upande wao ulikuwa huo." Babu alirudi baada ya mwaka na zaidi, bega moja limeshuka. Ukimsomea mtu huyo Mathayo 5:41, usimwambie ni somo la kuwa na moyo wa kujitolea kwenye kwaya. Ile maili ya pili si adabu njema. Maili ya kwanza askari ameichukua. Ya pili wewe ndiye unayetoa, na ghafla yeye ndiye hajui afanye nini. Sisemi babu alipaswa kufanya hivyo. Nasema Yesu alijua anawaambia nani.

Mwisho, meza.

Korintho ulikuwa mji uliojengwa upya na Julio Kaisari mwaka 44 KK, wakapelekwa huko watu wengi waliokuwa watumwa wakapata uhuru. Mji wa watu wanaopanda ngazi. Mnawajua watu wa namna hiyo, na miji ya namna hiyo. Waumini walikutana nyumbani kwa mwenye nafasi. Chumba cha kulia cha nyumba kama hizo kilitosha watu tisa hivi, wameegemea. Wengine ukumbini, nje. Wenye nafasi walifika mapema. Kibarua na mtumwa walifika kazi ikiisha. Paulo anaandika kwa uchungu: "huyu ana njaa, na huyu amelewa."

Wakubwa wa Roma hawakuona ajabu. Plinius, bwana mmoja tajiri wa Italia, anasimulia alivyoalikwa kwenye karamu ambako divai ililetwa ya namna tatu: moja ya mwenye nyumba na wageni wake wakubwa, ya pili ya marafiki wadogo, ya tatu ya watumwa walioachwa huru. Yeye hakupenda. Alisema kwake wote wanakunywa ile moja, na si kwamba walioachwa huru wanakunywa divai yake. Yeye ndiye hunywa yao! Ujanja wa tajiri.

Paulo naye anasema nini? Anasema "mngojane". Neno dogo namna hiyo. Hakuna hotuba juu ya matabaka. Mngojane, mpaka yule wa zamu ya jioni afike, mikono bado ina vumbi.

Sasa huyu Plinius, miaka kadhaa baadaye, mnamo 112 BK, ni liwali wa Bithinia, huko huko Uturuki ya leo. Mji wa Nikomedia umeungua moto, anamwomba Kaisari Trajan aruhusu kikosi cha zimamoto cha watu 150. Kaisari anakataa! Watu wakikusanyika, anasema, hata kwa nia njema, mwisho huwa chama cha siasa. Nunua vifaa, wenye nyumba wazime wenyewe. Serikali iliyoogopa zimamoto, mnafikiri itawatazamaje watu wanaokutana kabla ya mapambazuko?

Plinius anawahoji. Wanakiri kosa lao: siku maalumu, alfajiri, humwimbia Kristo kama Mungu. Huapa kutoiba, kutozini, kutovunja ahadi, kutokana amana mwenyewe akiidai. Kisha hukutana tena kula chakula cha kawaida tu, na hicho nacho wameacha tangu liwali apige marufuku vikundi. Plinius haamini. Anaona chakula hicho lazima kina jambo. Anawakamata wanawake wawili watumwa, ambao wenzao waliwaita wahudumu, anawatesa ili waseme kweli. Majina yao hakuyaandika. Anamwandikia Kaisari kwamba hakupata kitu ila ushirikina mbaya uliopita kiasi, na kwamba umeshika watu wa kila umri, kila cheo, wanaume kwa wanawake.

Naambiwa hapa saa imekwisha, na mama zetu wa jikoni wananionyesha kwa mkono kuwa pilau liko tayari. Naona pia meza kuu imeshatandikwa kitambaa, na chupa za maji zimepangwa kwa majina yetu, mimi nikiwamo. Naomba tusikae bado. Waanze walio nje chini ya turubai, walionyeshewa tangu asubuhi. Sisi tutawangoja.